Ordinateri inapohesabu karati: tuombe kuona ndani

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu mnaobaki Mangobo wakati wanaume wako porini upande wa Banalia na Bafwasende, leo siongei juu ya taksi wala juu ya karata ya uchimbaji. Ni juu ya ordinateri. Msiruke ukurasa.

Mambo yalianza na mama mmoja wa hapa kwetu. Mume wake alikuwa katika ekipe ya watu sita. Aligonjwa kule shimoni, wakamrudisha na pikipiki, akafariki nyumbani. Kisha matanga, mama alienda kwa negosianti kuomba sehemu ya marehemu. Alipewa karatasi iliyotoka kwa mashine, na jumla yake haikulingana na kaye ya shimo, ile kapita alikuwa anaandika na biki kila jioni. Alipouliza, akajibiwa: "Mama, kaye inaandikwa na mtu. Hii, ni ordinateri imesema."

Akakuja kwangu sababu mimi ni delege wa sendika. Na mimi, nasema kweli, nilinyamaza. Nilisoma sekondari, kugawanya najua, nimebishana na mapatro miaka mingi. Lakini mbele ya mashine nilikuwa sina neno.

Katika kartie yetu kuna kijana anayesoma enformatike kwenye Université ya Kisangani. Nilimwita. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Papa, hiyo programu waliitengeneza na nini?" Niliona ni swali la bure. Kumbe kesi yote ilikuwa hapo.

Alinieleza hivi. Karibu kurasa zote tunazoona kwenye intaneti zinatumia HTML na JavaScript. HTML ilitoka kwa Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa anafanya kazi CERN, kule Uswisi, karibu mwaka 1990. Inaambia mashine nini kionekane: hapa kichwa cha habari, hapa tebo, hapa kifungo. JavaScript, aliyoitunga Brendan Eich kwa siku 10 tu mwaka 1995, ndiyo inafanya kazi: ukibonyeza kifungo hiki, hesabu ile ifanyike. Vijana wengi wanajifunza lugha hizi mbele ya zingine, sababu hazihitaji kitu cha kununua.

Zamani lugha hizo zilikaa ndani ya navigateri tu. Mwaka 2013, watu wa GitHub walianza kazi ambayo leo inaitwa Electron. Walichukua Chromium, ule moyo wa navigateri ya Chrome, wakaufunga pamoja na Node.js, ambayo inaruhusu JavaScript kuandika na kusoma mafaili ya mashine yenyewe. Mwenye kutengeneza anaweka kurasa zake ndani, na wewe unaona programu kama zingine, na ikoni yake kwenye skrini. Hauoni navigateri yoyote, lakini iko pale ndani. WhatsApp ya ordinateri, ilipotoka mwaka 2016, ilifanywa hivyo. Na haiombi mega kama kazi yake ni kuhesabu tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa nayo hata porini, bora awe na batri au groupe.

Sasa sikilizeni hapa. Programu nyingi za namna hiyo, maandishi yake yanabaki maandishi. Mara nyingi yako katika dosie inayoitwa resources, ndani ya faili moja, app.asar, na kuna kifaa cha bure cha kuifungua. Si zote: wengine wanayachanganya kusudi yasisomeke, wengine wanayageuza kabisa. Lakini ya yule negosianti ilikuwa ya kawaida.

Tulienda kumuomba aifungue mbele yetu: mimi, mama, kapita na kijana. Alikubali bila shida, hata alituletea viti. Nafikiri hakujua ndani kuna nini. Aliinunua kwa mtu, basi. Kijana alitafuta mahali pa uzito, akatuonyesha mstari mmoja mfupi:

Math.floor(uzito * 10) / 10

Math.floor maana yake ni kukata mkia. Jiwe la karati 1,47 linazidishwa na 10, linakuwa 14,7. Mkia unakatwa, inabaki 14. Inagawanywa, inakuwa 1,4. Pointi 7 zimeanguka chini. Jiwe la 0,39 linakuwa 0,3. Na mkato huo ulikuwa unafanyika jiwe kwa jiwe, mbele ya kujumlisha, na mbele ya kuzidisha na bei. Kwa mawe 31 ya kaye yetu, pointi 138 zilipotea, yaani karati 1,38. Mwenye kuchimba anajua hiyo ni siku ngapi ndani ya maji.

Ni wizi? Kijana hakutaka kusema hivyo, na alikuwa na sababu. Alifungua ordinateri yake, akaandika 0.1 + 0.2 katika JavaScript. Jibu: 0.30000000000000004. Tulicheka wote, hata negosianti. Si JavaScript peke yake, lugha nyingi ziko hivyo. Mashine inahesabu kwa 0 na 1, na kwa hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile sisi theluthi moja tunaandika 0,333 bila kumaliza. Aliyetengeneza programu labda aliona mkia huo mbaya kwenye skrini, akakata. Lakini alikata mahali pabaya, na alikata mingi. Dawa ni kuacha karati, kuhesabu kwa pointi: 147, si 1,47. Namba nzima haina mkia. Karati moja ni pointi 100, hata mtoto wa mchimbaji anajua.

Kisha hapo tuliamua ekipe ziwe na programu yao. Kijana aliandika kwanza ukurasa mmoja wa HTML, ukafunguliwa na navigateri. Ulikuwa mzuri. Lakini maandiko yetu yalikuwa yanakaa ndani ya navigateri, na siku moja mtu "alisafisha" mashine. Juma mbili zilipotea. Ndipo tulihamia Electron, ili kila kitu kiandikwe katika faili letu, kwenye disiki, na kopi kwenye kle USB.

Kasoro iko. Programu ndogo hivyo, isiyofanya kitu kingine kuliko kujumlisha, inapita mega 100, sababu imebeba navigateri nzima. Kwenye ordinateri yetu ya zamani inafunguka polepole mpaka mtu anaweza kuosha uso. Tena iko na Windows 7, na Electron iliacha kuikubali tangu toleo la 23, mwaka 2023, kwa hiyo tunatumia la 22. Matundu yake hayazibwi tena. Basi mashine hiyo haiingii intaneti, na hakuna kle ya mgeni. Kuna nyingine, Tauri, inayotumia navigateri ya mashine yenyewe na inakuwa nyepesi sana. Kijana anajifunza. Kaye na biki hatukuacha: kila jioni kapita anaandika, kila juma tunalinganisha.

Mama alilipwa pointi za mume wake. Za wale watano wengine bado tunabishana. Negosianti anasema programu imekwisha kurekebishwa, na ya nyuma yamepita. Kopi ya app.asar ya zamani, ambayo alituruhusu kuchukua siku ile ya viti, iko kwenye kle USB, ndani ya kopo la chumvi la mke wangu.