Chakula na Maneno: Mwili na Lugha ya Mtoto wa Embu na Meru

Binadamu hukua kwa njia mbili zinazokwenda sambamba, kwa kuwa mwili hujengwa na chakula, ilhali lugha hujengwa na maneno ya watu wanaomzunguka mtoto, na upungufu wa kimojawapo huonekana katika maisha yake yote. Miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, wanakoishi Waembu na Wameru, ni mahali pazuri pa kulieleza jambo hili, kwa sababu watoto wa Embu walifuatiliwa kwa makini na watafiti katika miaka ya 1980 na tena kuanzia mwaka 1998.

Safari yenyewe huanza tumboni. Katika wiki nane za kwanza kiumbe huitwa kiinitete, na ndani ya muda huo mfupi viungo vyote vikuu huwekewa msingi: moyo huanza kupiga takriban wiki tatu baada ya mimba kutungwa, na mrija wa neva, yaani mfereji mdogo unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Mrija huo usipojifunga vizuri mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na kinga kubwa ya hali hiyo ni asidi ya foliki, ambayo ni vitamini inayopatikana katika mboga za majani na maharagwe. Kwa kuwa wanawake wengi hugundua kwamba wana mimba baada ya mrija kwisha kujifunga, Kenya iliamua mwaka 2012 kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaotoka viwandani uongezewe asidi hiyo pamoja na madini ya chuma. Lakini familia inayosaga mahindi yake katika kinu cha kijijini haifikiwi na mpango huo, na kwa hiyo humtegemea muuguzi wa kliniki anayetoa vidonge.

Baada ya wiki ya nane kiumbe huitwa kijusi, na kazi kubwa iliyobaki ni kukua na kukomaa. Kuanzia karibu na mwezi wa sita sikio la ndani huanza kufanya kazi, na sauti inayolifikia kwa nguvu kuliko zote ni ya mama mwenyewe, ambayo humfikia mtoto kupitia hewa na kupitia mifupa na maji ya uzazi. Ndiyo maana mtoto mchanga huitambua sauti ya mama yake tangu siku za kwanza, na huutambua pia mwendo wa lugha aliyokuwa akiisikia, iwe ni Kimeru, Kiembu au Kiswahili, ijapokuwa hajui maana ya neno hata moja.

Mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa kilo tatu au zaidi kidogo na urefu wa takriban sentimita 50, na katika mwaka wa kwanza uzito huo huongezeka mara tatu. Ubongo hukua kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu wakati wa kuzaliwa huwa robo tu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na kufikia miaka miwili huwa karibu robo tatu au zaidi. Katika kipindi hicho hicho lugha huchipuka: mtoto huguna akiwa na miezi miwili, hubwabwaja silabi kama "ba-ba-ba" akiwa na miezi sita au saba, hutamka neno la kwanza karibu na mwaka mmoja, na huunganisha maneno mawili kati ya miezi 18 na 24.

Lugha za Kibantu humpa mtoto kazi ya ziada, nayo ni kujifunza ngeli, yaani makundi ya nomino yanayotawala viambishi vya sentensi nzima. Mtoto wa Kimeru lazima ajue kwamba "muntu" huwa "antu", wa Kiembu kwamba "mũndũ" huwa "andũ", na wa Kiswahili kwamba "mtu" huwa "watu", kisha vitenzi na vivumishi vifuate mkondo huo. Mtaalamu wa lugha Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba watoto wadogo huanza kwa kuacha baadhi ya viambishi vya mtendaji na vya wakati, kisha huvijaza hatua kwa hatua bila kufundishwa darasani.

Hata hivyo, mtoto hawezi kuokota asichokisikia. Katika utafiti wa Embu wa miaka ya 1980, ulioongozwa na Charlotte Neumann wa Marekani na daktari wa watoto Nimrod Bwibo wa Kenya, mwanasaikolojia Marian Sigman na wenzake waliwatazama watoto wadogo nyumbani kwao, ambako mara nyingi dada au kaka mkubwa ndiye aliyewalea mama akiwa shambani. Waliona kwamba watoto waliosemeshwa mara kwa mara, na ambao sauti zao zilijibiwa, walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili walipofikia miaka miwili na miaka miwili na nusu. Ukame wa mwaka 1984 ulipoleta upungufu wa chakula, watoto wadogo hawakuathirika sana, lakini wale wa umri wa shule walipunguza kucheza uwanjani na umakini wao darasani ukashuka.

Swali la chakula lilirudiwa kuanzia mwaka 1998 katika shule 12 za Kyeni Kusini huko Embu, ambako wanafunzi wa darasa la kwanza waligawanywa katika makundi manne: baadhi walipewa githeri, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, iliyoongezewa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezewa mafuta, na kundi la mwisho halikupewa chakula shuleni. Vyakula vyote vitatu vilipangwa vitoe nguvu sawa, ili tofauti yoyote itokane na aina ya chakula na si kiasi chake. Wanafunzi waliokula nyama ndio walioongeza misuli zaidi, walioendelea zaidi katika kipimo cha kufikiri kwa kutumia michoro, na waliochangamka zaidi uwanjani. Maziwa nayo yaliwasaidia kurefuka wale waliokuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Sababu moja ni kwamba nyama ina madini ya chuma na zinki yanayofyonzwa kwa urahisi, na pia vitamini B12, ambayo haipatikani katika mahindi na maharagwe na ambayo wengi wa watoto hao walikuwa wamepungukiwa nayo. Githeri si chakula kibaya, kwani mahindi na maharagwe hukamilishana kwa protini, lakini huhitaji mwenzi anayetokana na wanyama, hata kama ni yai au kikombe cha maziwa ya mbuzi.

Umri wa shule ndio pia wakati lugha inapopanuka. Mtaala wa Kenya unaelekeza kwamba hadi gredi ya tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, kwa sababu anayejifunza kusoma kwa lugha anayoielewa hubeba mzigo mmoja tu, ule wa kuzitambua herufi, ilhali anayeanza kwa lugha ngeni hubeba miwili kwa wakati mmoja.

Balehe, ambacho ni kipindi cha mwili wa mtoto kugeuka kuwa wa mtu mzima, huanza wasichana wakiwa kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Homoni, yaani kemikali zinazopelekwa na damu kutoka katika tezi, huleta hedhi kwa wasichana, huzirefusha na kuzinenepesha nyuzi za sauti za wavulana hadi sauti zao ziwe nzito, na huwarefusha wote kwa kasi. Lugha nayo hubadilika, kwani kijana huanza kujenga hoja, kutumia mafumbo, na kuchanganya lugha ya nyumbani na Kiswahili, Kiingereza na Sheng kulingana na anayezungumza naye.

Kimeru huweka mpaka wa umri huu katika msamiati wake, kwani mvulana asiyetahiriwa huitwa "mwiji" na aliyetahiriwa huitwa "nthaka", na kijana huvuka kutoka jina moja hadi jingine kwa siku moja. Mwili haufuati kalenda hiyo, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya matendo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mara nyingi nthaka mpya huhamia nyumba yake na kuacha kukaa jikoni kwa mama, na hapo mazungumzo ya kila jioni hukatika pamoja na chakula cha pamoja. Heshima ya mila inaweza kutunzwa bila hasara hiyo, iwapo baba, wajomba na walimu wa jando wataendelea kuzungumza na kijana na kula naye muda mrefu baada ya kidonda kupona, kwa kuwa aliyeitwa mwanamume bado anakua.