Mafua Yasiyokwisha kwa Wanafunzi: Huenda ni Mzio
Kila kiangazi, vumbi linapotanda katika viwanja vya shule za Wilaya ya Uyui, baadhi ya watoto hupiga chafya mfululizo, huwashwa pua na macho, na hutokwa na kamasi jepesi kwa wiki kadhaa bila homa. Huenda hayo si mafua ya kawaida, bali ni mzio wa pua. Mzio hauambukizi, mtoto asitengwe na wenzake.

Walio katika hatari zaidi ni watoto ambao wazazi au ndugu zao wana mzio au pumu. Vumbi la ndani na chavua huuamsha. Moshi wa kuni, wa sigara na wa mabani ya tumbaku huuzidisha.

Mtoto aliyezibwa pua usiku kucha husinzia darasani, naye hudhaniwa mvivu. Antibiotiki haziponyi mzio. Shuleni, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Nyumbani, matandiko yafuliwe na kuanikwa juani, na watoto wawekwe mbali na moshi.

Mzio wa pua mara nyingi huambatana na pumu. Mtoto anayebanwa kifua awahishwe kituo cha afya.