Tamko la Utofauti na Uhuru wa Kusema

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwombaji wa kazi ya ualimu alitakiwa kuleta, pamoja na orodha ya maandiko yake, «tamko la utofauti»: maelezo mafupi ya namna atakavyowasaidia wanafunzi wa rangi, jinsia na hali mbalimbali.

Watetezi wa sharti hilo husema kwamba mwalimu hufundisha watu wote, hivyo inafaa ajulikane mapema. Wapinzani hujibu kwamba mtu hulazimishwa kukiri fikira fulani ili apate kazi.

Mfano ni Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT). Mwaka 2021 idara yake moja ilifuta mhadhara wa Dorian Abbot, mtaalamu wa hali ya hewa, baada ya watu kulalamikia maandishi yake ya kupinga sera za namna hiyo. Desemba 2022 walimu walipitisha azimio la kutetea uhuru wa kusema. Mei 2024 tamko likaondolewa.

Hata hivyo swali la watetezi limebaki: mwalimu atakayewafaa wote atajulikanaje? Njia moja ni kupima kazi aliyokwisha kuifanya darasani, wala si ahadi zake.