Gundi sugu sakafuni: Subira ni bora kuliko petroli

DESEMBA iliyopita tulipofika kwa senge, yaani shangazi yetu, karibu na soko la Funyula katika Kaunti ya Busia, tulimkuta ameng'oa kapeti ya plastiki iliyokuwa imegandishwa sebuleni kwa zaidi ya miaka kumi. Kapeti ilitoka, gundi ikabaki. Sakafu yake nyekundu ya saruji ilikuwa imejaa madoa ya kahawia yaliyonasa vumbi, nywele na hata manyoya ya kuku. Na wageni wa Krismasi walikuwa njiani.

Binamu yangu alitoka na chupa tupu, akarudi nayo ikiwa na petroli.

"Mama, dakika kumi tu na sakafu itang'aa," akasema.

Senge alielekeza kidole kwenye mlango wa jikoni, ambako maharagwe yalikuwa yakitokota juu ya jiko la makaa. "Mwanangu, unataka wageni wetu walie Krismasi kwenye majivu?"

Msomaji, senge alikuwa na haki kuogopa. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sembuse joto la Busia! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji, ukatafuta jiko lilipo. Wakenya wameonja uchungu wa petroli huko Sachangwan mnamo Januari 2009 na katika mtaa wa Sinai, Nairobi, mnamo Septemba 2011, na kila mkasa uliangamiza watu wapatao mia moja au zaidi.

Je, ufanyeje basi?

Kwanza, ijue gundi yako. Weka kitambaa kilicholowa maji moto ya sabuni juu ya doa moja, ukifunike kwa nailoni na usubiri nusu saa. Gundi ya maji, ile nyeupe inayofanana na ya maseremala, italainika. Ikwangue kwa chuma bapa ambacho mafundi wa rangi hupakia puti, ukikilaza badala ya kukisimamisha. Wasamia wamesifika tangu jadi kwa kufua majembe, lakini jembe kwenye sakafu litakuachia mashimo.

Gundi ya mpira, inayonuka kama ya fundi viatu, haijali maji. Hiyo hushindwa na mafuta. Paka mafuta ya kupikia, funika kwa nailoni na uache yalale usiku kucha. Asubuhi kwangua, kisha osha kwa maji moto na sabuni ya unga mara kadhaa, kwani mafuta yakibaki mtu atateleza, na kapeti mpya haitashika. Jaribu kwanza pembeni, maana saruji isiyopakwa kitu hunywa mafuta na kubaki na doa.

Thina ya mafundi iwe ya mwisho kabisa, nayo kidogo tu kwenye kitambaa. Zima moto wote, fungua milango na madirisha, na watoto wacheze nje. Mvuke wake hulevya na kudhuru, kama ule wa gundi wanayonusa vijana wa mitaani.

Usimwage siki wala ndimu juu ya saruji, kwa sababu asidi huila. Wala usichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kwa wanaoishi katika majumba ya zamani mijini, kuna onyo moja zaidi. Ukikuta vigae vya plastiki vya miaka ya 1960 au 1970 vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi kama lami, usivivunje wala kuisugua gundi hiyo ikiwa kavu. Huenda vina asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kama vimeshika vizuri, tandika kapeti mpya juu yake na uviache vilivyo.

Kazi ya senge ilichukua jioni tatu na nusu lita ya mafuta ya kupikia. Doa moja karibu na mlango lilikataa katakata, akalifunika kwa mkeka. Petroli ya binamu iliishia kwenye bodaboda ya jirani, na maharagwe tukayala tukiwa salama.

Haraka haraka haina baraka.