Gitaa Lisilale Kiangazi

Kuanzia Mbarara na Biharwe hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Juni hadi Agosti ni miezi ya jua na vumbi. Mpigaji aliyechoka huona vyepesi kuliweka gitaa kando mpaka mvua zirudi. Hiyo ni hasara. Sugu za jembe hukaa kiganjani, lakini za gitaa hukaa kwenye ncha za vidole. Nyuzi zikiachwa, ngozi hulainika na maumivu huanza upya.

Wenzetu wa Nakivale waliotoka Kongo wanajua sifa ya Katanga, ambako gitaa lilistawi katika miji ya migodi. Mwaka 1952 Jean Bosco Mwenda alirekodiwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, ukadhani wanapiga watu wawili! Ufundi huo hauji ila kwa kurudia.

Basi robo saa kila jioni yatosha. Piga polepole, gumba lishike besi bila kukatika. Gitaa lisiachwe juani, maana mbao hukauka na kupasuka. Lililopo moja litumiwe kwa zamu. Mchana ni wa mwajiri. Jioni ni yetu, tusiipoteze.