Kutoka kichwa cha pini hadi meno ya Arusha

Jumamosi moja nilialikwa harusini Sinza. Mambo yalikuwa bomba, msosi wa kumwaga, muziki unasikika hadi mtaa wa tatu. Mwenye kazi ngumu alikuwa mpiga picha. Kila akielekeza kamera kwenye meza yetu anapiga kelele, "Chekeni basi jamani, mbona kama mko msibani?" Sote tukakenua. Dada mmoja tu, mrembo hasa, gauni la kijani limemkaa, alifumba mdomo kama kautia kufuli.

Nikamtania. "Vipi dada, kuna mtu kakuudhi?"

Akaweka kiganja mdomoni kwanza, ndipo akajibu. "Kaka, mimi nimezaliwa Usa River. Meno yangu siyo ya picha."

Kama umesoma bweni na watoto wa Arusha unajua anachosema. Meno ya kahawia, mengine yana madoa kama yamepakwa chai. Shuleni tuliwatania wee, tukisema hawajui mswaki. Leo naona aibu, kwa sababu mswaki hauhusiki kabisa. Unaweza kusugua mpaka fizi zitoke damu, rangi ile haiondoki. Imo ndani ya jino lenyewe, na imeletwa na maji.

Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano, kama ile ya Mlima Meru, hubeba madini yanayoitwa floridi. Ndiyo hayo hayo yanayotiwa kwenye dawa ya meno. Yakiwa kidogo hulinda jino, yakizidi hulichafua, na yakizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa na kuipinda. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kwa miaka mingi Tanzania ilikubali hadi miligramu 4, kwani kuna sehemu ambazo ukikataza kiwango hicho watu hawana maji mengine ya kunywa. Na kuna mito na visima katika ukanda ule vinavyopita hata hapo. Siyo Arusha peke yake. Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga nako yapo, ila utani wote wameangushiwa watu wa Arusha.

Basi nikaanza kufuatilia kama kuna dawa ya maji hayo. Mpenzi msomaji, utacheka: nilipovuta uzi nikajikuta nimefika California, Marekani, mwaka 1959.

Tarehe 29 Desemba mwaka huo, wanafizikia walikuwa na mkutano wao katika chuo cha teknolojia cha California, kile kinachojulikana kwa kifupi kama Caltech. Akasimama jamaa mmoja anaitwa Richard Feynman. Huyu bwana hakuwa profesa wa kawaida. Alikuwa mcheshi, mpenda visa, na kwenye muda wake wa mapumziko alipiga ngoma za bongo (siyo Bongo yetu hii, ni zile ngoma mbili ndogo za Kikyuba). Mwaka 1965 alikuja kupata Tuzo ya Nobel, lakini kwa mambo mengine.

Siku ile akawauliza wenzake: kwa nini tusiandike juzuu zote 24 za ensaiklopidia ya Britannica kwenye kichwa cha pini? Watu wakacheka. Mmoja wa waliokuwemo alisimulia baadaye kwamba wengi walidhani anatania. Hakuwa anatania, alikuwa na hesabu zake. Ukikuza kichwa cha pini mara 25,000 kwa upana, alisema, unapata eneo la kutosha kurasa zote za kitabu kile. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kupunguza maandishi kwa kiasi hicho hicho, na hakuna sheria ya maumbile inayokataza. Akaenda mbele zaidi: ipo siku tutapanga vitu chembe moja moja, atomi kwa atomi, kama fundi anavyopanga matofali.

Kisha akaweka mzigo mezani. Dola 1,000 kwa atakayepunguza ukurasa mmoja wa kitabu kwa kiwango kile, na dola 1,000 nyingine kwa atakayetengeneza mota ya umeme inayoenea ndani ya kiboksi chenye upana wa sehemu moja ya 64 ya inchi. Hiyo ni kama milimita 0.4. Punje ya mchele ni jitu mbele yake.

Hapo sasa ndipo raha ilipo. Feynman alitegemea watu wavumbue mbinu mpya kabisa ili kuipata mota ile. Watu wakaanza kumletea vimota vyao, vyote vikubwa mno. Novemba 1960 akaja injinia mmoja, William McLellan, kabeba boksi kubwa tu. Profesa akajua ni yale yale. McLellan akafungua boksi, akatoa hadubini. Ala! Hakuna mwingine aliyekuja na hadubini. Akachungulia, akaiona mota inazunguka, mizunguko 2,000 kwa dakika. Ina vipande 13, uzito wake mikrogramu 250. Na ameitengenezaje? Kwa koleo dogo la kushikia, mashine ya fundi saa, kijiti cha kuchokonolea meno, na subira ya kutosha kumtia mtu wazimu. Mbinu mpya, hakuna. Feynman alilipa, ila roho ilimuuma kidogo: alitaka sayansi mpya, kaletewa ufundi wa kawaida wenye mikono mizuri.

Zawadi ya pili ilikaa miaka 25. Mwaka 1985 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Tom Newman, alitumia mwali wa elektroni kuandika ukurasa wa kwanza wa riwaya moja ya Charles Dickens kwa udogo ule uliotakiwa. Inasemekana kuandika hakukumsumbua kama kuutafuta ukurasa wenyewe baada ya kuuandika, maana ulipotea kwenye kibati kama sindano kwenye gunia la mpunga. Naye alilipwa chake.

Tuwe wakweli, wanahistoria wanabishana ile hotuba ilichangia kiasi gani. Kwa miaka mingi ni wachache waliokuwa wakiitaja. Neno lenyewe "nanoteknolojia" lilitoka Japani, kwa profesa Norio Taniguchi mwaka 1974. Chombo kilichowezesha watu kuona atomi moja moja kilitengenezwa mwaka 1981 Zurich, Uswisi, na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, ambao walipata Nobel mwaka 1986 kwa kazi hiyo. Mwaka 1989 Don Eigler wa kampuni ya IBM akachukua atomi 35 za gesi ya zenoni, akazipanga zikaandika jina la kampuni yake. Mwajiri gani hatampenda mfanyakazi kama huyo? Lakini mambo aliyoyasema Feynman kwa mzaha mwaka 1959 ndiyo haya haya. Simu iliyoko mfukoni mwako ina swichi ndogo za umeme kwa mabilioni kwenye kipande kisichozidi ukucha.

Nano maana yake ni sehemu moja ya bilioni. Unywele wako una unene wa karibu nanometa 80,000 hadi 100,000. Sasa hiyo inahusu nini meno ya dada wa Usa River?

Inahusu eneo. Chukua kitu kigumu chenye umbo la dadu, kila upande sentimita moja. Nje yake ukikipima una sentimita 6 za mraba, basi. Sasa kikate kikate mpaka kila kipande kiwe na upande wa nanometa moja. Kitu ni kile kile, uzito ule ule, lakini ukijumlisha nyuso za vipande vyote unapata mita 6,000 za mraba. Hiyo inakaribia uwanja mzima wa mpira, umetoka kwenye dadu moja! Na floridi hunasa juu ya uso wa vitu vya namna fulani, hainasi ndani. Kwa hiyo ukiwa na uso mwingi unanasa floridi nyingi. Chukulia ni daladala: abiria wanakaa kwenye viti, na hapa umeotesha viti elfu katika basi lile lile.

Wazee wa kazi walikuwa wameshaanza kabla neno nano halijavuma. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya utafiti wa kutoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa joto maalumu, inavunjwavunjwa, maji yanapitishwa humo. Ina vitundu vidogo sana ndani, na madini yake yanapenda kushikana na floridi. Inafanya kazi. Kasoro yake, mifupa isipochomwa vizuri maji yananuka, na nani atakunywa maji yanayonuka mfupa?

Ndipo anapoingia Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu. Alikwenda Korea Kusini kusomea mambo haya ya nano hadi udaktari, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Wengi wakirudi na digrii kama ile hubaki na michoro ya ukutani. Wewe umewahi kuingia kwenye mihadhara ya watafiti? Slaidi 40, vifupisho kila mstari, mwisho makofi, chai na sambusa, kila mtu kwao. Yeye akachukua mchanga wa kawaida, ule wa kuchujia takataka na vijidudu polepole, akauunganisha na chembe za nano za kunasa kile ambacho mchanga hauwezi, ikiwemo floridi. Na kwa vile maji ya hapa siyo maji ya pale, chujio linaweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Mwaka 2015 Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ikampa tuzo yake ya uvumbuzi kwa Afrika, pauni 25,000. Tuzo hiyo ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa, na ikaja Bongo!

Hata hivyo usidanganyike na neno. Siku hizi kila kitu kinaitwa nano, hadi mafuta ya nywele. Chujio la floridi la aina yoyote, la mifupa au la nano, lina siku zake. Viti vikijaa, vimejaa. Maji yataendelea kupita meupe pe, matamu, na floridi itapita nayo wala hutaijua, kwani haina rangi, haina harufu. Pasipokuwa na mtu wa kupima na kubadilisha, umenunua ndoo ya bei mbaya. Mimi naona kazi kubwa iliyobaki ni hiyo: siyo kupunguza kitu mara 25,000, ni kumpata wa kubadilisha chujio kijijini mwezi wa kumi na nane, wakati wafadhili wameshapiga picha zao wakaondoka.

Nilimweleza yote haya yule dada, tulipokutana tena kwake Kijitonyama. Alisikiliza ya Feynman akicheka, kiganja mdomoni kama kawaida. Nilipofika kwenye kuchemsha ndipo alipobadilika uso.

Nilimwambia hivi: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakutoi floridi hata chembe. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke floridi inabaki pale pale sufuriani, kwa hiyo kila lita iliyobaki inakuwa nayo zaidi. Na jino linaharibika likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, yaani utotoni, mpaka kwenye miaka minane hivi. Mtu mzima akihamia Arusha leo meno yake hayageuki rangi. Mtoto ndiye anayelipa.

"Kaka, unasema kweli?" Mkono ulikuwa umeshashuka, kasahau kujificha. "Mwanangu ana miaka miwili. Mwezi ujao nampeleka kwa bibi yake Usa, akae huko mpaka aanze shule. Nimeshamwambia mama amchemshie maji."

Sikuwa na la kuongeza ila kwamba maji ya mvua hayana tatizo hilo, yakivunwa kwenye bati safi na kufunikwa, na hayo ndiyo ya kuchemsha. Tena magadi ya kulainishia maharage wayaangalie, kwani nayo hubeba floridi.

Akachukua simu palepale. "Shikamoo mama. Hamjambo huko? Mama, lile simtanki la nyuma ya jiko, baba alishaziba ule ufa?"

Kutoka upande wa pili nilisikia kicheko, halafu mama mtu akauliza kwa nini mtu wa Dar anaulizia simtanki saa mbili usiku. Dada akavuta kiti, akaanza kumweleza tangu mwanzo. Alianza na pini.