Bei ya Nyayo

Kambakoche anayenaswa kwenye miamba ya Koyama au Chovai, visiwa vya Wabajuni kwenye pwani ya kusini ya Somalia, ana bei nyingi. Kuna bei anayopewa mvuvi ufukweni, kuna bei ya tajiri wa Kismayu mwenye barafu na mashine ya boti, na kuna bei ya mezani ng'ambo, ambayo mvuvi haambiwi. Naanza na kambakoche kwa sababu biashara ninayotaka kuieleza haina harufu, na kisicho na harufu ni vigumu kukishuku.

Biashara yenyewe ni hii: unaweka programu kwenye simu, unairuhusu ione kurasa unazofungua, nawe unalipwa, mara pesa, mara pointi, mara bando. Si jambo jipya. Mwaka 1999 kampuni ya AllAdvantage ya California ilianza kuwalipa watu senti 50 za dola kwa kila saa waliyokaa mtandaoni huku utepe wa matangazo ukiwa umebandikwa kwenye kioo. Haukupita muda wajanja wakabuni programu za kuchezesha kipanya wenyewe wakiwa wamelala. Kufikia 2001 duka lilikuwa limefungwa. Waliokuja baadaye waligundua kwamba mtu anaweza kufuatwa bila kulipwa chochote.

Ufuatiliaji huo wa bure ndio tulio nao leo. Ukifungua ukurasa wa habari za mpira, kabla picha hazijatokea, nafasi ya tangazo imeshapigwa mnada. Simu ina namba yake ya matangazo, kivinjari kina vidakuzi, na hivyo viwili huwanong'oneza wanunuzi: huyu yuko Kismayu, simu yake ya bei rahisi, jana alitafuta mashine ya boti. Jina lako hawana, wana namba tu na nyayo zako.

Programu inayolipa inaongeza mambo mawili. La kwanza ni upana. Januari 2019 ilifichuka kwamba Facebook ilikuwa ikiwalipa watu wa umri wa miaka 13 hadi 35 mpaka dola 20 kwa mwezi ili waweke programu iliyopitisha mawasiliano yote ya simu kwenye njia ya kampuni, pamoja na cheti cha usalama kilichoiwezesha kusoma hata yale yanayofungwa kwa siri. Kidakuzi huchungulia dirishani, lakini programu ya namna hii imepewa ufunguo wa nyumba.

La pili halisemwi sana, nalo kwa mtu wa Kismayu ndilo zito. Ili ulipwe, lazima useme ulipwe wapi. Huko pesa hutembea kwa EVC Plus, huduma ya pesa ya kampuni ya simu ya Hormuud, yaani kwa namba ya simu. Namba hiyo ndiyo pochi yako, ndiyo njia ya wateja wako kukupata, na ndiyo anwani ya ndugu yako wa Mombasa anapokutumia ujumbe. Saa unapoiandika ili upokee senti zako, zile nyayo zisizo na jina zimepata jina. Malipo yenyewe ndiyo yaliyokutambulisha.

Sasa bei. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilitangaza kwamba katika robo ya mwisho ya 2023 kila mtumiaji wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiingizia zaidi ya dola 68, na wa Ulaya kama dola 23. Afrika haikuwa hata na safu yake. Ilitiwa kapu moja na Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati, na mtumiaji wa kapu hilo hakufika dola 6. Chukua binamu watatu wa Kibajuni, mmoja London, mmoja Mombasa, mmoja Kismayu, wanaotazama video ileile ya harusi. Mtangazaji hanunui macho yao, ananunua kilichomo mfukoni mwao. Basi yeyote anayemwahidi wa Kismayu donge nono kwa kuperuzi tu, ama anadanganya ama ananunua kitu kingine.

Kenya ilikiona kitu kingine hicho. Katikati ya 2023 watu walipanga foleni Nairobi, katika jumba la mikutano la KICC, wapigwe picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, walipwe sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Zaidi ya Wakenya 350,000 walijiandikisha kabla serikali haijasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti. Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba, akiona kuwa ridhaa ilipatikana kwa kishawishi. Jicho si historia ya kivinjari, najua, lakini mkataba ni uleule: unalipwa mara moja, kitu kinatumika mara nyingi.

Na Wabajuni wana sababu yao wenyewe ya kuuliza kitatumika wapi. Waliokimbia vita baada ya 1991 na kuomba hifadhi Uingereza walihojiwa majina ya visiwa, wakarekodiwa sauti, na kampuni ya Uswidi ikachambua matamshi yao ili kusema wametoka wapi. Mwaka 2004 baraza la rufaa la uhamiaji la huko lilitoa uamuzi mzima juu ya uwezo wa mwombaji kuzungumza Kibajuni. Kwa jamii kama hiyo, rekodi inayoonyesha simu ililala wapi, ikaandika kwa lugha gani, ikampigia nani ng'ambo ya mpaka, inaweza kugeuka ushahidi. Bei yake ni ya chini kuliko zote, hatari yake ni ya juu.

Tena simu ya visiwani mara nyingi si ya mtu mmoja. Kijana anabonyeza kukubali, lakini anayesoma habari za ugonjwa wake usiku ni mama yake, ambaye hakuulizwa.

Somalia ilipata sheria ya kulinda data Machi 2023, na mamlaka ya kuisimamia. Sheria hiyo inakupa mahali pa kudai. Haikisomi kioo cha simu yako kwa niaba yako. Kwa hiyo ukiiondoa programu ya aina hii, usiishie kwenye kuifuta. Ingia kwenye mipangilio ya usalama utafute vyeti vilivyowekwa na mtumiaji, kisha utazame sehemu ya VPN. Huenda mgeni ameondoka na ufunguo bado upo.